Tangu nianze kwenda kwa mwanasaikolojia ndugu wanasema nimebadilika. Huyu wa sasa ni mimi au nimetengenezwa?

DadaMkubwa_Tabata

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo, matusi kaeni nayo. Mi ni mwanamke, thelathini na kitu, nimeolewa nina watoto, kwetu ndo mzaliwa wa kwanza. Baba alitutoka nikiwa sekondari, nilipoanza kazi wadogo zangu wote wakasoma kwa mshahara wangu, hilo silalamiki. Mwaka jana nikaanza kushtuka usiku moyo unakimbia, jasho, mikono ya baridi, najua ndo nakufa sasa hivi. Nimepima moyo, presha, sukari, kote safi, mpaka daktari mmoja mama mtu mzima akaniambia mwanangu moyo wako mzima kabisa, nenda kaongee na mwanasaikolojia. Nikaenda kwa aibu, nikavaa na miwani ya jua wakati mvua inanyesha.

Sasa naenda kila wiki na usiku nalala, hilo namshukuru Mungu. Shida iko kwingine. Mi nilikuwa mweka hazina wa kudumu wa kila kamati ya harusi kwenye ukoo, michango naitoa hata nikikopa, mdogo wangu akifilisi biashara namfungulia nyingine, mama mkwe akitaka kitu ananipigia mimi sio mwanae. Siku hizi kwenye grupu naandika "nawatakia kila la heri, safari hii sitaweza" halafu basi, sijielezi. Mama kasema hao watu wamenibadilishia mwanangu. Mume wangu ndo kaniuma zaidi, na wala hatukuwa tunagombana, tumekaa tunakula tu akasema yule niliyemuoa hakuwa na hasira.

Na ni kweli! Miaka yote najulikana mpole, hana neno, mtu wa watu. Sasa hasira ninayo, za juzi na za miaka ile, nyingine nazipata nikiwa kwenye daladala sijui hata zimetokea wapi. Mtaalamu wangu hajawahi kuniambia kasirika, yeye anauliza tu "hapo ulijisikiaje", ananyamaza, anasubiri. Swali langu ndo hili, hii hasira ilikuwepo nikaifukia au ameipanda yeye kwa hayo maswali? Na kama yule mpole hakuwa mimi basi nani aliolewa, nani alisomesha wale watoto? Maana kiukweli yule nilikuwa nampenda pia.

Kipanga Mweusi

Ngoja wajuvi waje. Miwani ya jua kwenye mvua 😂😂 pole sana lakini mkuu.

Mzee wa Magomeni

Nitasema usichotaka kusikia. Unamlipa mtu usiyemjua ukoo wake, kila wiki, ili akae akusikilize ukimsema mama yako. Sisi tulikuwa na wazee, tulikuwa na shangazi, somo, kungwi, sheikh, padri, mtu akilemewa anaitwa anakalishwa anaambiwa ukweli na hela haitoki. Mtu ni watu. Mzungu yeye anaishi peke yake toka ana miaka kumi na nane, akimkata mama yake hana cha kupoteza, wewe ukiwakata hao ndugu siku ukiugua nani atakuja hospitali na chupa ya uji? Huyo mwanasaikolojia? Umebadilishwa mwanangu, na mumeo kaona.

BintiMrima

Mzee wangu shikamoo. Nakuheshimu ila umemtaja kungwi mwenyewe kwa hiyo nimepata pa kuanzia.

Mimi nimechezwa unyago, mambo ya kwetu siyatoi humu, ila kila mtu anajua kwamba unaingia ndani mtoto unatoka mtu mwingine. Ulichokuwa unacheza wiki iliyopita huruhusiwi tena, unavyosalimia wakubwa kunabadilika, unavyokaa kunabadilika, wenzako wa jana hawakuzoei tena, na mtaa mzima unapiga vigelegele. Hakuna aliyelia eti mtoto kabadilishwa. Ndo lilikuwa lengo! Kwa hiyo hili la kumgeuza mtu kwa maneno na mafundisho ndani ya chumba hatujaletewa na mzungu.

Tofauti naiona moja tu. Kungwi anajua tangu siku ya kwanza unatakiwa utoke nani, na mtaa umeshakubaliana naye. Huyu wa ofisini hajui utatoka nani, anakuuliza wewe, na mtaa haukualikwa. Sasa watu wanaona mwali katoka na wao hawakupikiwa hata pilau, lazima wanune.

Halafu hili la uzungu. Pale Harare kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 aliona madaktari hawatoshi akawachukua bibi zetu, wale wakina mama watu wazima wa mtaani, akawafundisha namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu aipange shida yake mwenyewe, akawawekea mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Wakaja kuwapima kwa utafiti wa watu 573 uliotoka 2016, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika mpaka Zanzibar. Bibi kwenye benchi mzee wangu, huo uzungu uko wapi hapo?

Mzee wa Magomeni

Marahaba. Bibi wa kwenye benchi namuelewa, anakaa mtaa huo huo, kesho mnakutana sokoni. Huyo mwanasaikolojia wa ofisini anakutana na nani sokoni?

Nasaha_254

Dada, mimi ni mshauri nasaha, niko Nairobi, hii kazi naifanya miaka mingi kiasi. Wacha nikujibu vizuri kwa sababu swali lako ni zito na wateja wangu wengi huja nalo wakati kama huu wako, si mwanzoni. Mwanzoni mtu anataka tu alale.

Kwanza ujue hata sisi hatukubaliani. Kuna Carl Rogers, Mmarekani, huyo Mzee wa Magomeni angempenda kwa sababu alilelewa kwenye nyumba ya dini kabisa na akaanza masomo ya uchungaji New York kabla ya kuhamia saikolojia. Yeye alisema mtoto akiona anapendwa kwa masharti, yaani unapendwa ukiwa mpole, ukisaidia, ukinyamaza, basi anajifunza kuficha kila kitu kisichoingia kwenye hayo masharti, anakificha hadi kwake mwenyewe. Kwa Rogers hasira yako ilikuwepo, ilikosa ruhusa. Kazi ya mshauri ni kukaa na wewe bila kukuwekea sharti mpaka kile kilichofichwa kione ni salama kutoka. Nikisoma story yako, firstborn, baba ameaga, mama yuko na watoto na wewe ndio mkubwa, nani angekuruhusu ukasirike? Na ungemkasirikia nani, marehemu?

Halafu kuna Aaron Beck wa Philadelphia. Yeye alifunzwa kwa njia ya Freud, ile ya kuchimba yaliyozikwa ndani ya akili, kisha miaka ya 1960 akaona wagonjwa wake wana mawazo yanapita haraka haraka kichwani, hata hawayataji, na ndiyo yanawaumiza. Beck hakutafuti wewe halisi uliyezikwa mahali. Anauliza, hili wazo la kwamba "nikikataa mchango wataniacha", ushahidi ni gani? Jaribu kukataa mmoja, tuone. Kwake wewe ni mtu yule yule, umebadilisha tu hesabu.

Na kuna Michael White wa Adelaide kule Australia, na mwenzake David Epston wa New Zealand. Hao walikataa kabisa kusema shida ni wewe. Mtu ni mtu na shida ni shida. Wangekuambia uipatie hiyo tabia jina, tuseme Mweka Hazina, halafu waanze kukuuliza, Mweka Hazina aliingia kwenu lini, amekusaidia wapi, amekuibia nini, na ni siku gani alitaka useme ndio ukakataa. Mimi huwa natumia hii sana kwa sababu inamwachia mtu heshima ya zamani. Yule mpole alisomesha watoto. Hakuna haja ya kumfukuza kama mwizi.

Sasa la kupandikizwa. Wengine watakwambia haiwezekani, mimi sitakudanganya, inawezekana. Marekani miaka ya 80 na 90 kulikuwa na washauri walikuwa wanawaambia wateja wao hizi dalili zako zinaonyesha kuna kitu kibaya ulifanyiwa utotoni ukasahau, jitahidi ukumbuke, na watu wakakumbuka mambo ambayo hayakuwahi kutokea, familia zikaishia kortini. Elizabeth Loftus na mwenzake, 1995, walichukua watu 24 wakawapa visa vya utotoni walivyosimuliwa na ndugu zao, ndani wakachomeka kimoja cha uongo, kwamba ulipotea kwenye duka kubwa ukiwa mdogo. Karibu robo wakaja kukikumbuka, chote au nusu nusu. Kwa hivyo usipuuze hofu yako hata kidogo.

Ila angalia alichofanya huyo wako. Anauliza ulijisikiaje, ananyamaza. Hakuambii ulijisikia hivi. Hapo ndipo mimi huangalia. Mshauri anayekujia na jibu, anayekwambia mama yako ni mtu mbaya, anayekukataza kuongea na familia, huyo toroka. Pia uliza amesomea wapi na nani anamsimamia, huku kwetu tuko na sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 na lazima uwe umesajiliwa, hata hivyo matapeli hawakosi.

Kitu kingine unaweza fanya, ongea na watu waliokujua kabla baba hajaaga. Wakuambie ulikuwa mtoto wa aina gani. Usiwaambie unatafuta nini.

DadaMkubwa_Tabata

Asante sana Nasaha, nimesoma nimerudia. Hapo kwa nani ningemkasirikia, marehemu, nimefunga simu nikaenda kuoga.

Ila bado kuna kitu hakijakaa. Huyo Rogers wako anasema niliyefichwa ndo halisi. Mbona hasira ndo iwe halisi na upole uwe wa masharti? Kwani upole hauwezi kuwa wangu? Wakati mwingine nahisi kama kila nikisema ndiyo natakiwa nijihoji kwanza kama ni ndiyo ya kweli, nachoka. Juzi mtoto wa dada kaomba hela ya vitabu nimempa kwa furaha kabisa halafu usiku nikakaa kujiuliza je huyo alikuwa Mweka Hazina. Sasa hayo ni maisha?

Msomaji wa Usiku

Nasoma saikolojia mwaka wa mwisho kwa hiyo mnisamehe nikiwa na kiherehere 😅

Dada hapo umegusa penyewe. Mimi nadhani wazo la kwamba kuna mimi halisi kakaa huko ndani anasubiri kufunuliwa ndo linakuchosha, kwa sababu kila tendo linageuka mtihani. Tafiti zenyewe zinaonyesha kitu cha kawaida zaidi. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopata tiba, wakaangalia haiba zao, yaani tabia zao za kudumu, zimebadilika kiasi gani. Zimebadilika, na kwa wastani ilikuwa tiba ya wiki 24 tu, na mabadiliko yalibaki hata baada ya tiba kuisha. Lakini kilichobadilika hasa ni kimoja, utulivu wa ndani, yaani wasiwasi unampungua mtu, hatikisiki ovyo. Uchangamfu uliongezeka kiasi. Huo wema na kujali watu ulibadilika kidogo kuliko huo utulivu. Kwa hiyo hawakutoka watu wengine kabisa na wala hawakutoka watu wabaya. Ukiniuliza mimi upole wako haujaenda popote, ulichopoteza ni woga uliokuwa umekaa mgongoni kwa upole.

Kuna nyingine ya Jonathan Adler, 2012, naipenda kuliko zote. Alichukua watu wazima 47 waliokuwa wanaanza tiba, akawa anawaambia waandike, kabla ya kuanza na kadri vikao vinavyoendelea, tiba ina maana gani kwao na kwa jinsi wanavyojiona. Akapata karibu hadithi 600. Alichokikuta ni kwamba kwenye maandishi mtu alianza kuonekana anayeamua mambo, sio wa kutokewa tu, HALAFU ndo afya ya akili ikapanda. Hadithi ilitangulia. Watu walianza kujisimulia kwa namna nyingine kabla hawajapona, wakaja kuifikia hadithi yao wenyewe.

Kwa hiyo swali la "hii ndiyo ni ya nani" mimi ningelibadilisha kidogo tu. Je ungeweza kusema hapana? Kama ungeweza na umesema ndiyo, hiyo ndiyo ni yako, lala. Hela ya vitabu ungeweza kukataa?

DadaMkubwa_Tabata

Ningeweza. Kwanza mwaka jana nisingeweza hata kuwaza kukataa. Ok. Ok nimekupata.

Msomaji wa Usiku

Na sababu nyingine ya kutokujisumbua sana na mimi-halisi, yule jamaa aliyeifanya dunia nzima iongelee mgogoro wa utambulisho, yaani mtu kutojua yeye ni nani, Erik Erikson, alizaliwa Frankfurt 1902 na hakuwahi kumjua baba yake mzazi. Alikua na jina la baba wa kambo, Homburger. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akachukua jina Erikson, yaani kama anasema mimi ni mwana wa Erik, mwana wa mwenyewe. Jina alijitengenezea mwenyewe, na ndilo dunia inamjua nalo.

Mzee wa Magomeni

Kwetu mtu akibadili jina la baba yake tunajua anakimbia madeni.

Fundi Jokofu

Mimi naongea kutokea upande ambao hamjauongea. Mimi ni mume. Mke wangu alikwenda huko kama wewe dada, baada ya kujifungua, na akapona, na nilikuwa nalipa mimi na sijutii hata shilingi. Lakini hakuna anayekwambia mume itakuwaje. Yaani unaanza kuishi na mtu wa tatu usiyemjua. "Mwanasaikolojia wangu anasema", "tulikuwa tunaongea na mwanasaikolojia wangu kuhusu wewe". Kuhusu mimi! Kuna mtu huko mjini anajua ninavyokoroma na mimi nikimpita barabarani simjui. Kila nikikohoa nahisi litaandikwa mahali.

Kuhusu mumeo, usikimbilie kusema anakasirika kwa sababu amekosa wa kumtuma. Inawezekana ni hivyo, wanaume tunajijua, mtu akizoea kuwekewa maji ya kuoga siku hayapo anaona ndoa imevunjika. Ila inawezekana pia kuna kitu amekipoteza ambacho wala hakikuwa ugonjwa. Mke wangu zamani alikuwa anacheka hovyo kwa mama yangu, wanakaa jikoni wanasengenya ukoo mzima mpaka saa tano usiku. Alipojifunza kuweka mipaka, kicheko nacho kikaisha kwa muda, maana alikuwa anapima kila neno. Mimi nilikuwa nakitafuta hicho kicheko, sio maji ya kuoga, na sikujua namna ya kulisema hilo likaeleweka, likawa linatoka kama lawama. Ni kama mtu kapaka upya rangi nyumba yenu ukiwa safari, nzuri kweli, ila usiku unapapasa ukuta hukumbuki taa inawashwa wapi.

Kilichosaidia ni yeye kuniomba tuende wote. Nilikwenda nikiwa nimenuna, nikakuta ni kijana tu mwenye shati la kitenge, hajui lolote kuhusu kukoroma kwangu. Sikuongea sana siku ile. Ila yule mtu wa tatu akatoka nyumbani.

Kicheko kilirudi baadae kikiwa kipole kidogo. Kwa mama siku hizi anaondoka saa tatu.

BintiMrima

Fundi umeniliza. Dada mwambie mumeo aje asome hapa.

Nasaha_254

Fundi ameongea ukweli ambao sisi tulio kwenye hii kazi husahau. Tunamwona mtu mmoja saa moja kwa wiki, tunafurahi amepiga hatua, na hatuoni hiyo hatua imemkanyaga nani. Dada, huo ukakamavu wa "sitaweza, basi, sijielezi" ni kawaida ya wanaoanza. Mtu aliyenyimwa hapana miaka yote akiipata huitumia mpaka kwa mtu anayemuuza maandazi. Inapungua. Baadaye utaweza kukataa na bado ukakaa jikoni.

DadaMkubwa_Tabata

Mrejesho wakuu. Nimeenda kwa mama jumapili, peke yangu, sikwenda na hela wala zawadi zaidi ya mkate. Nikamuuliza tu mama mimi nilikuwa mtoto wa namna gani kabla ya baba kufa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Anasema nilikuwa mkorofi balaa, kwamba niliwahi kumng'ata mtoto wa jirani kwa sababu alimwita mdogo wangu jina, na kwamba baba alikuwa akirudi kazini anauliza leo kampiga nani. Mi SIKUMBUKI kabisa hayo mambo. Nikamuuliza niliacha lini, akanyamaza, akasema uliacha tu, nilidhani umekua. Halafu akasema kitu ambacho sitakiandika humu, tukalia wote.

Mume wangu kakubali kuja wiki ijayo. Kasema atakuja ila haongei. Nimemwambia sawa, Fundi Jokofu naye hakuongea, akauliza Fundi Jokofu ndo nani, ikabidi nimuonyeshe uzi.

Msomaji wa Usiku

Nimefurahi sana dada. Ila niwe mkweli, hiyo ya kung'ata haithibitishi kwamba hasira ndo wewe halisi. Mama naye anasimulia kwa leo, na amechagua hicho kisa kati ya vingi kwa sababu ya mnayoyapitia sasa. Mtoto yule alikuwa pia na mambo mengine.

DadaMkubwa_Tabata

Najua. Na sijasema nimeanza kung'ata watu. Ila unajua nini, aling'ata kwa ajili ya mdogo wake. Kwa hiyo hasira na huyo Mweka Hazina walikuwa mtu mmoja toka zamani, sijui kama naeleweka.

Mzee wa Magomeni

Unaeleweka. Sasa umeona? Jibu kakupa mama yako, kwa mkate tu.

DadaMkubwa_Tabata

Shikamoo mzee. Jibu ndiyo la bure. Ila kukaa na mama yangu mchana mzima akataja ada ya mtoto wa shangazi mara mbili, nikamwambia sina, na bado tukala pamoja, huo uwezo ndo nimeulipia.

Kipanga Mweusi

Mkuu naomba uni-PM namba ya huyo mtaalamu na bei. Ni kwa ajili ya rafiki yangu.